Kutoka Dar es Salaam hadi Calgary: Namna ya Kupanga Viwanja vya Kuunganisha Ndege na Muda wa Kusubiri

Mtu anapotafuta tiketi ya safari ndefu, macho yake huenda kwanza kwenye bei, kisha kwenye jumla ya saa za safari. Ni haki kuyaangalia hayo, lakini kinachoamua kama msafiri atafika siku iliyokusudiwa, tena akiwa na mzigo wake, ni kazi atakayotakiwa kuifanya kati ya ndege moja na nyingine. Je, atabaki ndani ya eneo la abiria wa transiti na kutembea tu hadi lango la ndege ya pili, au atapanga foleni ya uhamiaji, achukue begi lake, apite forodha, ahame jengo na kukaguliwa upya? Saa mbili zinaweza kutosha kabisa katika uwanja mmoja, na saa tatu zikawa hazitoshi katika mwingine. Nitalieleza jambo hili kwa kutumia safari ninayoifahamu vizuri, ya kutoka Dar es Salaam kwenda Calgary, magharibi mwa Kanada, kwa sababu nimekuwa nikiwapangia safari hiyo wazazi na jamaa wanaokuja kututembelea huku, na wengi wao ni watu wazima wanaosafiri peke yao.

Hakuna ndege inayotoka Tanzania na kufika Kanada moja kwa moja, kwa hiyo kuunganisha ni lazima. Njia ziko nyingi, lakini kwa hakika zinagawanyika katika aina mbili. Katika aina ya kwanza, msafiri anaingia Kanada kupitia mji mwingine na kumalizia kwa ndege ya ndani: anaweza kwenda Addis Ababa, kutoka hapo akapanda ndege ya Ethiopian hadi Toronto, kisha Calgary, au akapitia Doha, Dubai au Istanbul, akatua Toronto au Montreal, na kuendelea. Katika aina ya pili, anafika Ulaya, mathalani Amsterdam, na hapo anapanda ndege inayokwenda Calgary bila kutua mji mwingine wa Kanada.

Tofauti ya aina hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye skrini ya kununulia tiketi. Kanada humkagua mgeni katika uwanja wa kwanza anaotua nchini humo. Anayeunganisha Amsterdam anafanya kazi nyepesi akiwa safarini, kwani uwanja wake, Schiphol, ni jengo moja na abiria wa transiti haingii Uholanzi, halafu anakutana na maofisa wa uhamiaji wa Kanada akiwa tayari amefika Calgary. Foleni ikichukua saa mbili, atakayechoka ni yule aliyekuja kumpokea nje, na hakuna ndege itakayomwacha. Anayepitia Toronto, kinyume chake, anakutana na uhamiaji katikati ya safari, wakati ndege ya tatu inamsubiri.

Toronto Pearson inahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo. Baada ya kushuka, abiria anajibu maswali ya forodha kwenye mashine au kwenye simu, anapita kwa ofisa, na huenda akaelekezwa kwenye chumba cha mahojiano zaidi, jambo ambalo ni la kawaida na halina maana kwamba amekosea. Mwanafunzi anayekwenda kuanza masomo, mfanyakazi mwenye barua ya idhini, na familia inayohamia kwa mara ya kwanza, wote hawa hukamilishiwa nyaraka zao katika uwanja huo wa kwanza, na foleni yake mwishoni mwa Agosti, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, huwa ndefu sana. Kisha kuna mzigo. Katika safari nyingi abiria hulichukua begi lake, hupita nalo forodha na kulikabidhi tena kwa ajili ya ndege ya ndani. Zipo safari ambazo mzigo huhamishwa bila yeye kuugusa, kwa hiyo ni lazima aulize kwenye kaunta ya Dar es Salaam na tena kwa wahudumu wa ndege kabla ya kutua. Baada ya hapo anakaguliwa upya usalama. Mwisho, uwanja una majengo mawili yanayohudumia ndege kubwa, la 1 na la 3, yaliyounganishwa kwa treni ndogo isiyolipiwa. Ethiopian na Air Canada wako katika jengo la 1, na WestJet wako katika la 3. Tiketi iliyochanganya kampuni hizi bila kupangwa vizuri humlazimu mgeni kuhama jengo akiwa na mabegi.

Kwa sababu hizo, mimi sikubali muda wa chini ya saa nne Toronto kwa mtu anayekuja kutembea, na kwa mwanafunzi au familia inayohamia naweka saa tano. Mfumo wa tiketi utakuonyesha safari zenye saa moja na nusu, na utaziuza, kwa sababu kila uwanja una muda wa chini kabisa unaokubalika kuunganishia, na tiketi ikiufikia muda huo huhesabiwa kuwa halali. Muda huo umekadiriwa kwa siku ambayo mambo yote yamekwenda sawa. Addis Ababa, Doha na Istanbul, ambako abiria wa transiti hapiti uhamiaji, saa mbili na nusu hadi tatu zinatosha. Amsterdam vivyo hivyo, ingawa kwa mtu mzima ninaongeza saa moja, maana mwendo wa kutoka lango moja hadi lingine unaweza kuwa mrefu.

Pasipoti na viza za njiani

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kununua tiketi nafuu inayopita nchi ambayo msafiri hana ruhusa ya kupita. Viza ya Kanada haimruhusu mtu kupita Marekani. Marekani haina eneo la transiti ambalo abiria wa kimataifa anaweza kubaki bila kukaguliwa. Kila anayetua, hata kama anakaa saa mbili tu Chicago akielekea Calgary, anapita uhamiaji na anahitaji viza ya Marekani. Tiketi za namna hiyo huonekana mara nyingi, tena kwa bei ya kuvutia, na mfumo haukuulizi pasipoti yako ni ya wapi.

Mtego wa pili uko Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi hayumo katika orodha ya pamoja ya nchi za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) inayodai viza ya kupita uwanjani, lakini mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yumo, ingawa mwenye viza halali ya Kanada husamehewa. Hata asiyekuwemo anaweza kukwama endapo tiketi inamtua katika viwanja viwili vya Schengen kwa kufuatana. Chukua mfano wa safari inayotoka Nairobi kwenda Brussels, kisha Frankfurt, kisha Calgary. Ndege ya Brussels hadi Frankfurt huhesabiwa kuwa ya ndani, kwa hiyo kuipanda ni kuingia Schengen, na viza kamili inahitajika. Uwanja mmoja tu wa Schengen katika safari nzima: huo ndio mpaka usiovukwa.

London ina sheria zake. Raia wa nchi zetu zote sita nilizozitaja wamo katika orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani hata wasipotoka nje ya eneo la transiti. Kuna misamaha kwa wenye viza za nchi kadhaa, Kanada ikiwemo, lakini ina masharti yake, na kampuni ya ndege ndiyo itakayoyasoma masharti hayo pale Dar es Salaam kabla ya kukuruhusu kupanda. Yasome kwanza wewe, kwenye ukurasa rasmi wa serikali ya Uingereza, siku ileile unayotaka kulipa.

Tiketi moja, namba moja

Safari yote iwe kwenye tiketi moja yenye namba moja ya kumbukumbu. Ndege ya kwanza ikichelewa na kukukosesha ya pili, kampuni iliyokuuzia tiketi hiyo ina wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine hadi ufike mwisho wa safari. Ukinunua tiketi mbili tofauti, moja ya kukufikisha Addis Ababa na nyingine ya kuanzia hapo, ile kampuni ya pili itakuhesabu kuwa hukutokea, na mara nyingi sehemu zote zilizobaki, hata za kurudi, hufutwa. Mzigo nao huenda ukaishia Addis Ababa, nawe ukalazimika kuingia nchini kuuchukua. Nafuu ya dola mia moja haifai hatari hiyo.

Hata hivyo, wengi wetu tunaanza safari mbali na Dar es Salaam, na kipande hicho cha kwanza mara nyingi hununuliwa peke yake. Anayetoka Mwanza, Mbeya au Kigoma asithubutu kusafiri siku ileile ya ndege ya kimataifa, iwe kwa basi au kwa ndege. Afike jana yake na alale kwa jamaa. Anayetoka Zanzibar na kutegemea boti azingatie hali ya bahari, hasa kipindi cha kusi.

Saa na tarehe

Hapa ndipo Waswahili tunapopotea zaidi ya watu wengine, na sababu yake inatoka katika namna yetu ya kuhesabu saa. Ndege nyingi za kimataifa huondoka Afrika Mashariki usiku, na tiketi huandika saa kwa mtindo wa tarakimu ishirini na nne, ambao siku hubadilika usiku wa manane. Kwetu, usiku ni mmoja, kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na tarehe haibadiliki kichwani mwa mtu kwa sababu tu saa sita usiku imepita. Shangazi yangu alikuwa na tiketi iliyoandikwa tarehe 14, saa 00:40. Alijiandaa mchana kutwa wa tarehe 14, akaagana na majirani, akafika uwanjani saa tatu usiku, na kuambiwa kwamba ndege yake ilikuwa imeondoka zaidi ya saa ishirini zilizopita. Alilia pale kaunta, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu mimi niliyekata tiketi ndiye niliyemwambia "tarehe 14 usiku".

Lugha yetu inayo tayari namna ya kuondoa utata huo. Usiseme "usiku wa tarehe 14". Sema "usiku wa tarehe 13 kuamkia tarehe 14, saa sita na dakika arobaini", na uongeze saa ya kutoka nyumbani: "tarehe 13, magharibi, muwe mmeshaondoka". Kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na kufika saa tatu kabla si kupoteza muda. Andika saa kwa hesabu zote mbili, yaani 00:40 na saa sita na dakika arobaini usiku, ili yule anayesoma tiketi na yule anayesikiliza simu waelewane.

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Addis Ababa, Doha na Istanbul zina saa sawa na zetu, na Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Wenyeji wa Ethiopia huhesabu saa kama sisi, mchana ukianza saa kumi na mbili asubuhi, lakini mbao za uwanja wa Bole, Addis Ababa, hutumia hesabu ya kimataifa, na ni hizo za kufuatwa. Ulaya hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Kanada hufanya hivyo kwa tarehe nyingine, hivyo anayesafiri katika wiki hizo ahesabu upya. Kujua urefu halisi wa safari, chukua tofauti ya saa zilizoandikwa, kisha ongeza tofauti ya majira. Ukiondoka Dar es Salaam tarehe 3 Julai saa 23:00 na kufika Calgary tarehe 4 saa 13:30, tiketi inaonyesha saa kumi na nne na nusu. Calgary iko nyuma yetu kwa saa tisa mwezi huo, kwa hiyo safari ni ya saa ishirini na tatu na nusu.

Mzigo

Kabla ya kuondoka kaunta ya kwanza, soma lebo iliyobandikwa kwenye begi. Herufi tatu kubwa ndizo mwisho wa safari ya begi hilo. Calgary ni YYC na Toronto ni YYZ, na tofauti ya herufi moja hiyo imewahi kulipeleka begi la ndugu yetu mahali alipokuwa ameshapapita. Kipande cha lebo unachopewa kipige picha. Ukifika bila begi, usitoke nje ya eneo la mizigo kabla hujaandikisha taarifa. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya maandishi kuhusu begi lililoharibika yanatakiwa ndani ya siku 7, na kuhusu lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Asali, samli, mafuta ya nazi na pilipili ya kusaga yenye majimaji huhesabiwa kuwa vimiminika, na chombo cha zaidi ya mililita 100 hakipiti kwenye mkoba wa mkononi. Manukato yaliyonunuliwa Dubai au Doha yabaki ndani ya mfuko wake uliofungwa na duka. Anayechukua begi lake Toronto ana nafasi nzuri ya kuyatia manukato hayo ndani ya begi kubwa kabla ya kulikabidhi tena, na ni vyema aitumie, kwani ukaguzi wa pili uko mbele yake. Chakula chochote kitajwe kwa forodha, hata kama ni dagaa tu.

Kusubiri kwa muda mrefu, na siku mambo yanapoharibika

Muda mbaya kuliko wote ni wa saa sita hadi tisa: ni mrefu mno kukaa kitini, na mfupi mno kwenda hotelini mjini. Ukishindwa kupata saa tatu au nne, ni afadhali upate usiku mzima wenye kitanda. Doha, Istanbul na Schiphol kuna hoteli ndani ya eneo la transiti, ambako msafiri hulala bila kuingia nchini. Baadhi ya kampuni hutoa hoteli bure kwa anayesubiri muda mrefu, kwa masharti yanayohusu aina ya tiketi na ruhusa ya kuingia nchini. Ulizia wakati wa kununua na upate jibu kwa maandishi. Kusubiri kukizidi saa 24 huhesabiwa kuwa kituo cha safari, bei hubadilika, na mzigo kwa kawaida hukabidhiwa kwako.

Nimesifu njia ya Amsterdam, na bado naipendelea, lakini ina udhaifu ambao ni lazima uhesabiwe. Kutoka Toronto kwenda Calgary kuna ndege nyingi kila siku, hivyo aliyeachwa na moja anaweza kupata nyingine jioni ileile. Kutoka Amsterdam kwenda Calgary nafasi ni chache, na aliyeachwa huenda akalala huko au akapelekwa kwa mzunguko. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa iliuvuruga uwanja wa Dubai kwa siku kadhaa; tarehe 11 Septemba mwaka huohuo mgomo wa wafanyakazi ulisimamisha safari nyingi katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Na theluji ya Januari huchelewesha ndege Toronto karibu kila mwaka. Kwa hiyo usimpangie mtu kufika siku moja kabla ya arusi au mtihani, na katika uwanja wa kuunganisha epuka ndege ya mwisho ya siku.

Ukiachwa, simama kwenye foleni ya dawati la transiti na wakati huohuo ipigie simu kampuni ya ndege, kwani mara nyingine simu hujibiwa kabla foleni haijasogea. Usinunue tiketi mpya kwa hofu. Kanada imekuwa na kanuni za kuwalinda abiria tangu mwaka 2019, zinazohusu safari za kwenda, kutoka na ndani ya nchi hiyo: kwa kampuni kubwa, ucheleweshaji uliosababishwa na kampuni yenyewe, usiotokana na masuala ya usalama, humpa abiria dola za Kanada 400 akichelewa kufika kwa saa 3 hadi 6, dola 700 kwa saa 6 hadi 9, na dola 1,000 kwa zaidi ya hapo. Dai liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja, pamoja na pasi za kupandia ndege, ambazo watu wengi huzitupa.

Kwa mzazi anayesafiri peke yake

Omba huduma ya kiti cha magurudumu unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Wazee wengine huona aibu wakidhani ni ya wagonjwa. Waeleze kwamba anayesukuma kiti ndiye pia atakayewaongoza hadi lango sahihi na kuwapitisha kwenye foleni. Mama yangu alikataa mara ya kwanza, na mara ya pili aliulizia mwenyewe. Dawa za safari nzima na za siku tatu zaidi ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe kwa ajili ya kurudi, kwani Tanzania huidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi hiyo.

Tiketi zikinunuliwa miezi mingi kabla, kampuni hubadilisha ratiba, na ujumbe wa mabadiliko huishia kwa wakala. Fungua tiketi kila wiki mbili, na tena siku tatu kabla ya safari. Ukiona muda wa Toronto umeshuka kutoka saa nne hadi moja na nusu, piga simu na uombe kubadilishiwa. Ratiba ikiwa imebadilishwa na kampuni yenyewe, kwa kawaida hawatozi.

Siku ya mwisho, mwandikie karatasi moja kwa herufi kubwa. Upande mmoja kwa Kiswahili: namba ya kila ndege, mahali pa kushuka, saa kwa hesabu zote mbili, na maneno "begi unalichukua Toronto" au "begi utalikuta Calgary". Upande wa pili kwa Kiingereza: jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, anakokwenda, lugha anayoizungumza, na namba mbili za simu, yako na ya mtu wa pili, kwa kuwa yako inaweza kuzima chaji usiku uleule anaoihitaji.